Vipande Ishirini na Vinne

Kaka alikuwa ameshakubaliana na mtu. Alilitoa neno hilo akiwa amesimama mlangoni, buti zake zimejaa tope, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba kesho kutakuwa na mawingu. Mchoma matofali atachukua shamba lote, ekari sita, atachimba udongo kwa miaka mitano, na familia itapokea kodi yake kila mwaka bila kushika jembe.

"Shamba limechoka," alisema. "Mwaka juzi magunia hamsini na mawili. Mwaka jana arobaini na moja. Mwaka huu tutavuna mabua. Na mimi nina mgongo mmoja tu, Baba."

Baba yao alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso ameuelekeza uani. Ulikuwa mwaka wa nne tangu presha ya macho immalizie nuru yote, lakini mazoea ya kukaa dirishani hayakumtoka. Aliyejibu ni binti yake.

"Akishachimba, Kaka, sisi tutabaki na nini?"

"Shimo."

"Basi nipeni msimu mmoja kabla ya shimo."

Huyu binti walimwita Waya. Jina hilo alilipata akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya nyumbani kwa kisu cha jikoni ili amtoe mtangazaji nje. Sasa alikuwa na thelathini na minne, ana kibanda cha kutengeneza simu pale sokoni, na Jumapili hiyo alikuja kusalimia tu. Mkoba ulikuwa bado begani.

Kaka alicheka. "Wewe? Mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa lini?"

"Sitaanza na jembe. Nitaanza na vipimo."

Uani, wifi yake aliyekuwa akipepeta maharage aliacha kupepeta.

Waya hakuropoka. Miezi sita nyuma, bibi shamba wa eneo lile alimletea kishikwambi kilichopasuka kioo. Alipokiwasha baada ya kukitengeneza, ilitokea picha ya shamba la mtu, limegawanywa vipande vya rangi kama shuka la viraka. Nyekundu huku, kijani kule. Akauliza, akaelezwa: kila rangi ni hali ya udongo, na kila kipande kinapewa kinachokihitaji, si zaidi, si pungufu. Tangu siku hiyo akawa akimsumbua bibi shamba kwa maswali, mpaka mama wa watu akamwambia ofisi yao ina mpango wa kuwapimia udongo na kuwaazima vifaa wakulima watakaokubali kuweka kumbukumbu za kila wiki. Waya alikuwa ameshaandika jina la baba yake kwenye orodha. Alichokuwa hajafanya ni kumwambia.

"Ulitusajili bila kutuuliza?" Kaka alisema.

"Na wewe umetukodisha bila kutuuliza. Tumetoka sare."

Mzee akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko. "Msimu mmoja," akasema. "Udongo huu umemsubiri huyo mchoma matofali tangu dunia iumbwe. Naye akisubiri miezi sita hatakufa."

*

Waya alifunga kibanda, akampa jirani yake funguo, akahamia kwenye chumba chake cha usichana ambacho sasa kilikuwa stoo ya magunia matupu. Siku ya tatu bibi shamba alifika na gari la ofisi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kofia pana na mwendo wa haraka, asiyependa maneno mengi. Alishusha bomba la chuma lenye ncha kali na mpini wa msalaba, ndoo mbili, na katoni ya mifuko midogo ya nailoni.

"Tunagawa shamba vipande ishirini na vinne, robo ekari kila kimoja," alisema. "Kila kipande mashimo matano. Udongo wa mashimo matano unachanganywa kwenye ndoo, unachota kiasi cha vikombe viwili, unaufunga, unaandika namba. Usichanganye namba. Ukichanganya namba, nenda tu kwa mganga, itakuwa sawasawa."

Mashimo mia moja na ishirini. Waya aliyahesabu kichwani, akatema mate viganjani.

Mzee alisema atakuja. Kaka akasema, "Baba, utajikwaa." Mzee akamjibu kwamba alilima shamba lile miaka thelathini na minane na kwamba anayeweza kujikwaa mle ni mgeni. Akavua viatu. Akamshika binti yake bega, wakaingia.

Simu iliwaonyesha mipaka ya kila kipande, bibi shamba akapigilia vigingi, Waya akakandamiza bomba kwa uzito wake wote, akalizungusha, akalivuta. Udongo ulitoka umesimama ndani ya bomba kama mshumaa. Kila mara Mzee alinyoosha mkono, akaubonyeza kati ya vidole, akaunusa, akasema neno moja. "Mlaini." "Mzito." "Huu umekufa." Waya aliyaandika maneno hayo pembeni ya namba, ingawa hakuna aliyemwomba.

Katika vipande vya katikati, bomba liligoma. Lilizama shubiri moja likagonga kitu kigumu kama sakafu. Waya alining'inia juu ya mpini miguu ikiachana na ardhi, na bomba halikushuka.

"Jiwe?" aliuliza Mzee.

"Hapana," alisema bibi shamba. "Trekta. Linalima kina kilekile kila mwaka, chini yake udongo unashindiliwa. Mizizi ikifika hapo inageuka kulala. Maji nayo hayapiti."

Kaka, aliyekuwa amesimama kando ameweka mikono kiunoni, alikuja akalijaribu bomba mwenyewe. Alikuwa mtu wa nguvu. Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kisha akalirudisha, akaenda kufungua mbuzi.

*

Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki tatu, kurasa nne za namba. Bibi shamba aliwasaidia kuzisoma, kisha Waya akaziingiza kwenye simu, na ramani ikajichora rangi. Alikimbia nayo sebuleni kwa furaha, akamwekea baba yake simu mbele ya uso.

Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Mwenye macho haambiwi tazama," Mzee akasema kwa upole. "Mimi sina, kwa hiyo niambie."

Kumwambia hakukutosha. Ishirini na nne ni nyingi kushika kichwani, na Mzee alichanganya cha tisa na cha kumi na tisa, akakasirika. Kesho yake Waya alichukua mlango wa kabati bovu, akaugawa miraba ishirini na minne kwa waya wa risasi ule wa kuchomelea simu. Kwenye miraba ya udongo mchachu alibandika msasa. Kwenye ile yenye sakafu ngumu chini alipigilia skrubu zikabaki vichwa nje. Kwenye ile ya kichanga, isiyoshika maji, alibandika vioo vya simu vilivyokufa, laini kama yai. Miraba mizuri aliibandika kipande cha blanketi.

Mzee aliuweka mlango magotini. Vidole vyake vilitembea taratibu kutoka upande wa nyumba. Kioo, kioo, kioo, sita. "Hapa ni hapa uani kwetu," alisema. "Ndiyo. Panalimika kirahisi, lakini mvua ikikatika siku mbili tu pamekauka." Akaenda katikati, akagusa skrubu, akatikisa kichwa. Kisha akafika upande wa pili, kwenye lango la shamba, na vidole vikakwama kwenye msasa. Miraba mitano, yote msasa, mkali kuliko mahali pengine pote.

Akavipitisha tena juu ya miraba ileile.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, Baba?"

"Mbolea ilikuwa inashushwa hapo langoni. Miaka ishirini. Mtu akiwa bado ana nguvu na gunia limejaa, anatupa kwa viganja viwili. Akifika mwisho wa shamba gunia limekwisha, ananyunyiza kama chumvi. Nilidhani ninapalisha. Kumbe nilikuwa ninapachoma."

Kaka alikuwa mlangoni. Alikuwa na kawaida hiyo ya kusimama milangoni. "Na mimi nimefanya hivyohivyo, Baba," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza kitu.

Waya aliandika vibao vya bati ishirini na vinne, akavipigilia kwenye vigingi: chokaa ya kilimo kilo kadhaa, mbolea ya kupandia kilo kadhaa, au bila chokaa kabisa. Kaka alipima yote kwa mizani ya stoo huku akinung'unika. "Kama hospitali. Huyu vidonge viwili kutwa mara tatu, yule sindano, huyu apumzike." Lakini alipima. Na alipomaliza kipande cha mwisho, mbolea ilibaki magunia mawili na nusu. Aliyatazama yale magunia kama mtu aliyemkuta mgeni kitandani kwake.

*

Vifaa vya kuazima vilikuja mwezi wa kupanda: vipima unyevu sita, kila kimoja kirefu kama mwiko, vya kufukiwa kwenye mizizi. Kila kimoja kingehudumia vipande vinne na kutuma namba kwenye simu ya Waya kupitia kisanduku chenye antena juu ya paa. Maji ya kumwagilia yalikuwepo, ya kisima, yakipandishwa tangini kwa pampu. Zamani, akiwa bado anaona na analima mboga za kuuza, Mzee alitandaza mipira ya matone shamba zima, na koki kwa kila kipande. Ilikuwa imezeeka lakini inafanya kazi.

Siku ya kufunga antena Waya alikuwa juu ya ngazi, simu mkononi, akilalamika, "Hapa wifi haikamati kabisa!"

"Wifi nipo jikoni!" sauti ikatoka chini. "Huyo unayemtafuta juu ya paa ni nani?"

Hata Kaka alicheka. Ilikuwa siku nzuri, na Waya alijisikia mshindi kabla ya mbio. Mchana huo huo alifukia vipima vyote sita, haraka haraka, jua likichoma. Cha nne alikifukia mahali alipopata udongo laini, pasipohitaji kuchimba sana.

Alimwekea baba yake programu ya kusomea wasioona, simu ikawa inatamka namba kila asubuhi kwa sauti ya mwanamke aliyeongea Kiswahili kama anasoma hati ya kiwanja. Kipima namba moja, asilimia ishirini na nane. Kipima namba mbili, asilimia ishirini na sita. Mzee alimwita Karani. "Karani ameamka?" angeuliza kabla ya chai.

Mahindi yaliota sawasawa. Yalifika magotini, yakafika kiunoni. Mvua ilinyesha kidogo kidogo tu, na Waya alifungua na kufunga koki kwa namba peke yake, na maji yaliyokuwa yakiisha tangini kila siku sasa yakawa yanabaki.

Wiki ya saba Kaka alimfuata kwenye banda la pampu. "Kule kwa kipima cha nne, mahindi yanakunja majani."

Waya alitazama simu. "Thelathini na nne. Kumelowa kuliko kote."

"Mimi nakwambia yanakunja majani."

"Ni joto la mchana, Kaka. Kipima hakina uvivu wala hakina wivu. Kinasema kumelowa."

Neno wivu lilimgusa Kaka pabaya. Alimtazama dada yake, akageuka akaondoka. Siku ya pili hakusema kitu. Ya tatu hakusema. Siku ya tano Wifi alimwendea Waya, mikono imekunjwa kwenye kanga, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi yangu, nenda kaangalie. Nakuomba."

Alienda. Vipande vinne vilikuwa vimesimama vikavu, rangi ya karatasi ya kaki. Majani ya chini yalivunjika alipoyagusa. Alipiga magoti akachimba kwa mikono: vumbi, shubiri nzima vumbi. Akakimbilia kigingi cha nne, akafukua kipima. Kilikuwa kimekaa kwenye tope. Pembeni yake, kiungo cha bomba kuu la maji kilikuwa kinavuja tone moja moja, tena na tena, juu ya kipima chenyewe. Ndiyo maana udongo ulikuwa laini siku ile. Alikuwa amekifukia ndani ya kisima chake kidogo, na kilikuwa kimemwambia ukweli wa dimbwi lake siku zote hizo.

Alifungua koki, lakini alijua. Maji ya leo hayamwamshi aliyekufa juzi.

Jioni hiyo, kabla hawajanawa kula, alisimama. "Nimeua vipande vinne," alisema. "Si mashine. Mashine ilisoma pale nilipoiweka, na niliiweka pabaya kwa sababu nilikuwa nakwepa kuchimba. Kaka aliniambia mara mbili, nikamtukana. Kaka, naomba unisamehe."

Kila mtu alimtazama Kaka. Nafasi ya kusema nilikwambia ilikuwa wazi mbele yake kama lango lisilo na komeo. Alikata kucha yake kwa meno.

"Ungekuwa umepanda wewe ningekasirika kidogo," alisema mwishowe. "Nilipanda mimi, kwa hiyo nimekasirika sana. Lakini sasa bado vipande ishirini. Utafanya nini?"

"Nitafukua vyote sita. Nitavifukia upya, mbali na viungo, kila kimoja kwa kina cha mizizi. Na kuanzia kesho, hakuna namba itakayoaminiwa peke yake. Namba na mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Mzee.

*

Wakawa wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, baba na binti, kila siku ya pili. Waya alichimba shimo jembamba, Mzee akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akafinyanga udongo kwa vidole, akataja namba. Ndipo Waya alipobonyeza simu.

Siku ya kwanza Mzee alisema arobaini, Karani akasema ishirini na mbili. "Huyo mwanamke ana kiburi," Mzee alisema. Siku ya pili alikosea kwa kumi. Ya tano, kwa sita. Baada ya wiki tatu alikuwa anakosea kwa mbili au tatu tu, na siku moja, kwenye kipima cha pili, alisema ishirini na tano na Karani naye akasema ishirini na tano. Mzee alichomoa mkono, akajifuta kwenye suruali, akasimama wima kama mtu aliyevishwa nishani. Alitembea kurudi nyumbani bila kushika bega la mtu.

Waya hakujisamehe upesi hivyo. Alipita kwenye vile vipande vinne kila siku kwa makusudi, njia ambayo haikuwa fupi. Bibi shamba alipokuja kukagua, Waya alimpeleka huko kwanza, akamwambia aandike kosa lenyewe kwenye taarifa, lilivyotokea na nani alilifanya. "Wengi huficha," bibi shamba alisema. "Ndiyo maana wengi hulirudia," Waya akamjibu.

Kisha hata ile mvua kidogo ikakatika.

Ilikatika wakati mbaya kuliko wote, mahindi yakitoa mbelewele, wakati ambao hindi likikosa maji halikopeshi. Siku kumi zikapita. Kumi na tano. Kisima nacho kikashuka. Pampu iliyokuwa inajaza tangi asubuhi na jioni sasa ilijaza mara moja, tena kwa kukoroma. Waya alikaa na karatasi siku nzima. Alipomaliza, alipeleka jibu sebuleni.

"Maji yanatosha vipande kumi na vinne. Tunavyo ishirini."

"Tugawe sawa," Kaka alisema papo hapo. "Kila kipande kipate kidogo. Ndiyo haki."

"Kidogo kitalowesha kidole kimoja cha udongo, jua linakinywa kabla ya saa sita. Mizizi haitaona hata tone. Tukigawa sawa tutapoteza vyote ishirini, Kaka, kwa haki kabisa."

"Sasa unataka tuache vipande vipi?"

Waya alivuta pumzi. "Sita vya kichanga. Vya hapa uani."

Wifi aliinua kichwa. Vile vilikuwa vipande vyake. Yeye na mumewe walivipanda kwa kamba, mstari kama uzi wa cherehani, na kwa kuwa vilikuwa karibu na nyumba alivipalilia kila alipopata nafasi. Kila mgeni aliyefika alisifia mahindi yale. Ndiyo yaliyoonekana kutoka barabarani, kutoka jikoni, kutoka kila mahali.

"Hayo ndiyo mazuri kuliko yote," alisema polepole.

"Ni mazuri kwa sababu ya mikono yako, Wifi. Lakini chini yake hakushiki maji. Ukimwaga ndoo, nusu inazama isikofika mizizi. Ndoo hiyohiyo ukiipeleka katikati au kule langoni, inakaa siku tatu."

Kaka alisimama akatoka. Waya alidhani ameshindwa. Alikaa ameshika karatasi yake, na moyoni alijiambia kwamba kesho atasema tena, na kesho kutwa, mpaka apigwe marufuku.

Dirishani, Mzee aligeuza sikio. "Kaka yako yuko kwenye koki za uani. Amefungua moja."

Alikuwa amefungua kipande kimoja cha kichanga, akakiacha kinywe maji kwa saa nzima. Kisha akafunga, akaketi juu ya ndoo, akangoja jua lisogee. Walimtazama kutoka dirishani wote watatu, au tuseme wawili walimtazama na mmoja akasikiliza. Baada ya saa mbili alichukua lile bomba la chuma, akalizamisha shubiri moja, akalivuta. Akaumwaga udongo kiganjani. Akaufunga mkono, akaufungua. Udongo ukamwagika kati ya vidole vyake, mkavu, kama sukari.

Akavuka shamba mpaka kipande cha kati alichomwagilia yeye mwenyewe jana asubuhi, akafanya vilevile. Huko udongo ulibaki kiganjani umeshikana, na alama za vidole vyake juu yake.

Alirudi, akapita mbele ya dirisha bila kumtazama mtu, akaanza kufunga koki za uani. Moja. Mbili. Kwenye ya tano mkono ulisita. Wifi alijifunga kanga kiunoni, akamfuata, na ya sita akaifunga yeye.

*

Mvua ilirudi siku ya ishirini na tatu. Mahindi ya uani yalikuwa yameshageuka mabua, na kwa wiki kadhaa wapita njia waliisikitikia ile nyumba, maana nyuma ya yale mabua hawakuona kitu. Nyuma yake vipande kumi na vinne vilisimama, mahindi yamebeba, mengine mawili mawili, maganda yamejaa mpaka ncha.

Walivuna kipande kwa kipande, wakapima kipande kwa kipande. Waya hakukubali gunia lolote liingie stoo bila namba ya mahali lilipotoka. Yalipatikana magunia hamsini na tisa. Kati ya hayo, matatu tu ndiyo yaliyookotwa kwenye vipande kumi vilivyokufa. Kwa ekari tatu na nusu walizoziokoa, walikuwa wamezidi ekari sita za mwaka jana, na za mwaka juzi.

Mchoma matofali alifika wiki hiyohiyo, amevaa shati jeupe, na mtu wa kushika futi ya mkanda. Kaka alimpokea langoni, akamkaribisha maji ya kunywa kwa heshima zote.

"Nimekuja kupima," mgeni alisema.

"Umechelewa, ndugu yangu," Kaka akamwambia. "Udongo umeshapimwa."

Mgeni alidhani yuko mshindani, akataka kujua ametoa kiasi gani. Kaka alijaribu kueleza, akashindwa kumaliza kwa kicheko, na yule bwana akaondoka akiamini familia ile imepata tajiri wa siri.

Kazi haikupungua baada ya hapo. Bibi shamba aliwatafutia trekta lenye jino refu, likapasua ile sakafu ngumu ya katikati. Lilipopita mara ya kwanza lilinguruma likazimika, dereva akashuka akaapa kwamba chini kuna saruji. Waya alimwambia arudie. Akarudia mara tatu mpaka jino likapita. Viungo vyote vya mabomba vilikaguliwa kimoja kimoja. Kibanda cha sokoni alimwachia jirani moja kwa moja, akahamisha meza yake ya kuchomelea kwenye stoo ya magunia, kwa sababu wakulima wawili wa ng'ambo ya barabara nao walikuwa wamejiandikisha, na vipima vyao vilikuwa vinahitaji mtu wa kuvifukia anayejua jinsi ya kukosea.

Wifi alikuja na ombi lake asubuhi moja Waya akipanga vibao vipya. Alitaka vile vipande sita vya kichanga viwe vyake, atandaze mabua yote chini yafunike udongo, na badala ya mahindi ajaribu karanga.

"Nani kakwambia karanga?" Waya aliuliza.

"Nimemuuliza bibi shamba. Unafikiri wewe peke yako ndiye mwenye namba yake ya simu?" Akachukua kibao kimoja cha bati na msumari. "Haya, nielekeze. Hapa naandika chokaa kilo ngapi?"

Waya alifungua ramani, akatafuta kipande cha kwanza cha uani, akamsomea. Kisha akashika mpini wa bomba na ndoo, wakatoka wote wawili kwenda kuhakikisha.